Mlimba hadi Makambako kwa Tazara
Nimepanda treni ya Tazara, reli ya Tanzania na Zambia, kwenda kumwona bibi Makambako. Kuanzia Mlimba sikubanduka dirishani: handaki baada ya handaki, kisha daraja la Mpanga, mto uko chini huko kama uzi. Mzee mmoja behewani, aliyebeba zege hapo ujanani reli ilipojengwa, alinionyesha nguzo moja moja.

Benki ya Dunia na nchi za Magharibi zilikataa kugharamia reli hii, eti hailipi. China, yenyewe ikiwa bado maskini, ikatoa mkopo usio na riba. Na Zambia ilikuwa imebanwa kweli! Mwaka 1973 jirani yake Rhodesia (Zimbabwe ya leo) alifunga mpaka, Zambia nayo ikakataa kuufungua tena, shaba ikakosa njia ya kusini.

Wazee mliofanya kazi Mlimba au Mang'ula, tusimulieni.