WhatsApp iko, Kasumbalesa haiko: siku moja ya fundi wa mitandao Lubumbashi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi

Ujumbe wa kwanza wa leo ni wa sauti. Unatoka kwa mama wa kontabilite, yaani mhasibu, katika ofisi moja ya mawakala wa forodha, mjini: "Fundi, WhatsApp iko, Kasumbalesa haiko. Jana asubui ilikuwa naenda, mangaribi ikakatala."

Nausikiliza tena, maana una habari kuliko anavyodhani. Kasumbalesa ni mpakani mwa Kongo na Zambia, na ofisi ile ina tawi huko lenye seva ya mafaili ya malori. Seva ikifa, inakufa kwa wote; lakini wenzake wa meza za jirani wanaendelea kufanya kazi. Basi tatizo liko kwenye mashine yake au kwenye njia inayotoka kwake. Natia begani koleo la kubania vichwa vya kebo, kipima waya na kompyuta yangu.

Saa moja na nusu

Taxi-bus kutoka Katuba, kupitia Kenya na Kamalondo. Kenya hii ni komuni ya hapa Lubumbashi. Marafiki wa Nairobi nikiwaambia nimepita Kenya asubuhi nikaingia kazini saa mbili, huwa wanauliza nimepanda ndege gani.

Saa mbili

Duka la dawa. Printa na simu ya mtu vilikuwa vimepewa anwani moja ya mtandao. Naipa printa anwani ya kudumu nje ya zile zinazogawiwa na ruta, kile kifaa kinachounganisha duka na intaneti, nachukua changu naondoka.

Saa tatu

Nafika kwa mama, mashine inafanya kazi. Bila shaka!

"Fundi, nakuapia, sasa hivi tu ilikatala."

"Nakusadiki, mama. Ulifanya nini?"

"Nilizima, nikawasha."

Mafundi waliotangulia ndio waliomfundisha hivyo, na ndiyo maana shida hii imezeeka ofisini. Kila ukizima na kuwasha unafuta ushahidi. Leo, namwambia, ikikataa usiguse kitu, niite.

Nafungua dirisha jeusi la amri na kuandika `route print`. Mistari miwili inaanza na 0.0.0.0, yaani njia ya kila safari isiyo na njia yake maalumu. Wa kwanza unatokea kwenye kebo kupitia 192.168.1.1, ruta ya faiba, metriki 25. Wa pili unatokea kwenye Wi-Fi kupitia 192.168.8.1, kisanduku cha 4G alichonunua shefu kwa ajili ya siku faiba inapokatika, metriki 30. Kuwa na njia mbili za kutokea peke yake si dhambi. Windows huchukua yenye namba ndogo. Ila seva ya Kasumbalesa, 10.20.0.5, inafikika kwa ruta ya faiba tu, kwa sababu ruta hiyo ndiyo yenye VPN, njia ya faragha ndani ya intaneti, mpaka mpakani.

Kijana mmoja deklaran, mwandika hati za forodha, anachungulia: "Metriki ndiyo nini?"

"Ushuru wa barabara. Lori linapita penye ushuru mdogo."

Kwa watu wa forodha sikuhitaji kuongeza neno. Lakini kama kebo ni 25 na Wi-Fi ni 30, kwa nini mzigo upotee?

Saa nne

Naandika kijiprogramu cha mistari michache: kila nusu dakika kiweke kwenye faili saa, ile mistari miwili, kasi ya kebo na jibu la ping kutoka kwa seva. Ping aliiandika Mike Muuss mnamo Desemba 1983 na mpaka leo ndiyo ninayoanza nayo, ila hapa haitoshi. Inakwambia kama seva imejibu; haikwambii pakiti, yaani vipande vya data, zilipita wapi. Kwa hilo nina `tracert`. Inatuma pakiti zenye uhai mfupi: ya kwanza inafia kwa ruta ya kwanza, inayofuata inafika ruta ya pili, na kila ruta inapoitupa pakiti hurudisha taarifa yenye anwani yake. Nyingine hunyamaza, na hapo unaona nyota.

Faili likiendelea kujaa, nashuka kwa papa sentineli, mlinzi wa jengo. Ana daftari la mazuti, yaani dizeli: saa jenereta ilipowashwa, ilipozimwa, lita ngapi. Namwomba dakika chache nalo, nalipandisha juu, naliweka kando ya kalenda ya mama, ambayo ameitia alama kwa kalamu nyekundu kila seva ilipomkatalia. Kila alama nyekundu ina kukatika kwa umeme karibu yake. Lakini kuna kukatika kwingi kusiko na alama yoyote. Hiyo nusu ya pili ndiyo iliyonikalisha nikifikiri mpaka chakula. (Bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, kwa anayetaka kujua.)

Saa saba na dakika kumi

"Kuran imeenda!"

Umeme umekatika. Papa sentineli anavuta kamba ya jenereta. Kompyuta ya mama haikuzimika, ina onduleri yake, betri ya akiba. Swichi ya ukutani, kisanduku kinachokusanya kebo za kompyuta zote, haina. Ilizimika, na sasa inawaka tena. Nimesimama mbele yake. Taa ya tundu la sita, ambayo asubuhi nzima ilikuwa kijani, inapepesa, inazima, inapepesa tena, kisha inatulia na rangi ya machungwa. Kwenye swichi hii kijani ni megabiti 1000, machungwa ni 100.

"Fundi! Haiko!"

Faili langu limeandika 13:12. Kebo: kasi 100, metriki 35. Wi-Fi: metriki 30, vilevile. Natuma `tracert`: hatua ya kwanza 192.168.8.1, baada yake nyota tupu.

Ndiyo yenyewe. Windows, ikiachiwa ipange metriki, huangalia kasi: kebo ya gigabiti inapata 25, ya 100 inapata 35. Wi-Fi ya mwendo kasi kama ile ya kisanduku cha shefu inakaa 30, katikati. Kebo ikishuka kasi, mzigo wote unahamia 4G. Huko, anwani zinazoanza na 10 ni za mitandao binafsi, kwa mujibu wa RFC 1918, waraka wa kanuni za intaneti wa mwaka 1996. Mtandao wa simu hauijui 10.20.0.5 yetu, unazitupa pakiti. WhatsApp haijali mlango upi, basi iliendelea kulia mezani.

Saa nane

Imebaki kujua kwa nini kebo inashuka. Gigabiti inataka jozi zote nne za waya. 100 inatosheka na mbili, pini 1, 2, 3 na 6. Jozi moja ikilegea, pande mbili hujaribu gigabiti, na zikishindwa zinashuka kimyakimya. Siku nyingine zinafaulu, ndiyo maana si kila kukatika kulipata alama nyekundu.

Naunganisha kipima waya. Taa ya nane inawaka, nikikunja kebo kidogo inazima. Nakata kichwa cha upande wa swichi nakitazama kwenye mwanga wa dirisha: waya wa kahawia umeishia kabla ya mwisho wa mfereji wake, kijisu cha shaba kimekwaruza ncha tu. Ganda la kebo nalo liliachwa nje ya kibanio, kwa hiyo uzito wote ulining'inia kwenye nyuzi. Naweka kipya: chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, bluu, bluu-nyeupe, kijani, kahawia-nyeupe, kahawia. Safari hii ganda linaingia ndani.

Nazima na kuwasha swichi tena na tena. Kijani, kijani.

Saa tisa na nusu

Shefu: "Sasa si ungezima tu Wi-Fi?"

Ningezima, na siku faiba ikikatika angenipigia simu yeye mwenyewe. Nampa mama njia maalumu:

`route -p add 10.20.0.0 mask 255.255.0.0 192.168.1.1`

Njia iliyo mahususi zaidi hushinda kwanza, ushuru hutazamwa baadaye. Kwa hiyo Kasumbalesa itapitia faiba hata kebo ikishuka. Metriki nazo nazipanga kwa mkono, kebo 10, Wi-Fi 50. Swichi nayo naihamishia kwenye onduleri.

Halafu namwambia shefu asichopenda kusikia: kisanduku cha 4G hakitakiwi kuwa mlango wa pili wa kila kompyuta. Kinatakiwa kuchomekwa nyuma ya ruta, ili ruta ndiyo iamue ni lini faiba imekufa, na VPN ipite popote palipo hai. Mashine ikiachwa iamue yenyewe, inaangalia kebo yake tu. Faiba ikikatika huko barabarani haitajua.

"Bei gani?"

Naandika kwenye karatasi. Anaisoma, anaikunja, anaitia mfukoni. "Tutaongea mwisho wa mwezi, fundi." Kazi ya leo amelipa nusu kwa simu. Nusu nyingine, anasema, lori lake likishapita Kasumbalesa.