Jedwali la mwambao 1900–1914: ile siku moja iliyokuwa inanikwepa

Hatimaye, kwenye jedwali langu la tarehe za matukio ya mwambao, safu ya Hijria na safu ya Miladia zimekubaliana! Tangu kumbukumbu iliyopita zilikuwa zinapishana kwa siku moja, na siku moja kwenye jedwali la aina hii ni balaa. Hati ya deni ya Ijumaa inaangukia Alhamisi, na shahidi anatia saini nikahi ambayo bado haijafungwa.

Ubishi wote uko kwenye mahali pa kuanzia kuhesabu. Kanuni yenyewe ya Hijria haina utata: mzunguko wa miaka 30, miaka 11 kati yake ina siku 355, jumla siku 10,631. Ila kuna wanaoanza Alhamisi ya 15 Julai 622 na wanaoanza Ijumaa ya tarehe 16, na programu za kubadili tarehe aghalabu hazikwambii zimeshika ipi. Nilizipambanisha mbili, kila moja ikanijibu lake, zote kwa ujasiri uleule.

Zilipogombana hasa ni Jumapili, 20 Septemba 1914, asubuhi ile manowari ya Kijerumani Königsberg ilipotoka Rufiji ikaipiga Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja, ikiwa imetia nanga inatengenezwa mashine. Programu ya kwanza, inayoanza Ijumaa: 29 Mfunguo Mosi (Shawwali, mwezi unaofungua kwa Idi baada ya Ramadhani) 1332. Ya pili, inayoanza Alhamisi: 1 Mfunguo Pili, mwezi unaofuata. Matukio ya katikati ya mwezi hayasumbui hivi. Kifo cha Sultani Hamud bin Muhammad, 18 Julai 1902, ukikiweka tarehe 11 au 12 Mfunguo Saba hakuna atakayeshtuka. Mwishoni mwa mwezi, siku moja inakuhamisha mwezi mzima.

Kilichoniokoa ni kupatwa kwa jua. Tarehe 21 Agosti 1914 jua lilipatwa, kivuli kikapita Norwei na Urusi, na jua halipatwi ila mwezi unapozaliwa. Basi jioni ile mwezi ulikuwa na saa chache tu, hakuna jicho la Unguja wala la Lamu ambalo lingeuona. Programu ya pili inataka Idi iwe tarehe 22, yaani mwezi uandame jioni ileile ya kupatwa. Haiwezekani! Uliandama jioni ya tarehe 22 na Idi ikawa Jumapili ya tarehe 23. Mawingu kama yaliuficha, Idi ilisogea Jumatatu, lakini kurudi nyuma hairudi. Hesabu kuanzia hapo: 20 Septemba ni 29 Mfunguo Mosi, au 28 kwa mawingu. Mfunguo Pili imetoka, na Ijumaa imeishinda Alhamisi. Nilipiga kelele peke yangu usiku wa manane, majirani mnisamehe.

Neno kuhusu programu za majedwali. Ile maarufu ya kulipia inaamini kwamba kulikuwa na 29 Februari 1900. Haikuwepo, maana mwaka 1900 haukuwa mrefu. Matokeo yake, Januari na Februari yote ya mwaka huo siku zimebeba majina yasiyo yake, na kwa mtu ambaye kipimo chake kikuu ni jina la siku, huo ni uhuni. Nimehamia LibreOffice, ya bure, haina upuuzi huo.

Nimeongeza pia kisafu cha "baada ya magharibi", kwa sababu siku yetu huanza jua likizama. Deni lililoandikwa usiku wa Jumatatu, kwa karani wa Kizungu bado ni Jumapili.

Niliahidi kuingiza reli safari hii: Kisumu 1901, Tabora 1912, Kigoma 1914. Zisubiri. Nairuzi, kalenda ya jua ya mabaharia, imeniteka. Mwaka wa siku 365 kavu, miongo 36 ya siku kumi kumi na siku tano za ziada, hauna siku ya nyongeza, kwa hiyo unaachana na Miladia siku moja kila miaka minne. Manahodha walipangia safari zao humo, na mimi nina jedwali zima la mwambao lisilojua mwongo! Safu ya nne nimeshaifungua, ingawa haina hata tarehe moja ya kuifungia. Mwenye shajara ya jahazi ya miaka ile, yenye mwongo na tarehe ya Hijria pamoja, hata ukurasa mmoja ulioliwa na mchwa, anitafute.