Siku ya 26: nimemwona chaza akijifukia

Leo usiku, kwa mara ya kwanza tangu nianze mradi huu, nimemwona chaza akishuka mchangani mwanzo hadi mwisho. Nimekaa mbele ya kioo mpaka chai imepoa. Naandika sasa hivi kabla kitu hakijanitoka.

Kwa aliyekuta safari katikati: huku kwetu kusini ya Unguja, kwenye Ghuba ya Menai, kina mama hushuka pwani kila maji yakiwa ya bamvu, yakapwa mbali, kuchokoa kombe na chaza, viumbe laini wenye magamba mawili wanaokaa mchangani. Nimekua nikiwaona hao chaza ndooni tu, wamejifunga kimya kama mawe. Swali likanikaa: kiumbe asiye na mikono, asiye na makucha, asiye na hata kichwa, anafikaje chini?

Tangi nimeligundisha mwenyewe kwa silikoni. Urefu sentimita 40, upana 8 tu. Wembamba huo ni wa makusudi, ili chaza asipate pa kujificha mbali na kioo. Pampu ndogo ya hewa, na maji ya bahari nabadilisha kila baada ya siku mbili, maana ndiyo yanayowaletea chakula.

Kosa la kwanza lilikuwa mchanga. Nilitumia uliobaki kwenye ujenzi, chembe zake nene na kali. Chaza wote tisa walilala ubavu siku tano. Mmoja alikuwa akitoa mguu, anapapasa, anaurudisha. Bibi alipokuja, hata shikamoo yangu hakuitikia vizuri, kashaingiza vidole tangini. "Mchanga huu wa kujengea nyumba, mjukuu wangu. Hawa wape wa kwao." Kesho yake nikachota pale pale nilipowaokota, ule mchanga laini wenye tope kidogo. Hadi magharibi wawili walikuwa wameshazama.

Siku ya 11 nilipoteza wawili. Mmoja alikufa usiku, maji yakachafuka, na mwenzake akamfuata. Tangu hapo kila asubuhi naangalia nani yuko wazi. Chaza hufunga gamba kwa nguvu ya misuli miwili, lakini kufunguka hakuhitaji nguvu: kwenye bawaba ya magamba kuna mkano unaonyumbuka, wenyewe unasukuma magamba yaachane. Misuli ikifa, mkano unashinda. Ndiyo maana aliyekufa hukaa wazi, na ukimgusa hafungi. Kina mama hawamtii ndooni chaza wa namna hiyo, na sasa najua kwa nini wako sahihi.

Sasa la leo. Magamba yalifunguka kidogo, ukatoka mguu mweupe kama ulimi. Ukachomeka mchangani ukiwa mwembamba, unachezacheza, unatafuta njia. Wakati huo magamba yamejitanua na kuukaza mchanga pande zote mbili, kwa hiyo mguu unapochimba, mwili haurudi juu. Kisha ncha ya mguu ikavimba. Hiyo ni damu, chaza anaisukuma mpaka mguuni, na ncha inakuwa nanga. Halafu, ghafla, magamba yakafunga. Maji yaliyokuwa ndani yakaruka kuelekea chini, mchanga ulio karibu ukalegea kama uji, na katika nukta hiyo hiyo misuli ya mguu ikavuta. Gamba likayumba kushoto, likayumba kulia, likashuka labda nusu sentimita. Akapumzika. Akaanza tena.

Nimehesabu mivuto 14 ndani ya dakika kama sita. Mwisho ikabaki mirija miwili tu juu ya mchanga, kila mmoja kama tundu la sindano nene. Niliweka tone la maji yenye tope karibu: mmoja ukalivuta ndani, na baada ya muda mwingine ukatoa maji safi. Ndani kule matamvua, yaani viungo vyake vya kupumulia, yana vinyweleo visivyokoma kupiga. Hivyo ndivyo vinavyoendesha maji, na matamvua yanachukua humo hewa ya kupumua na kunasa vijimea kwenye ute kwa pamoja. Mdomo wake hauhitaji kukifuata chakula.

Nguvu yao ya kusafisha niliijaribu wiki iliyopita. Mitungi miwili, lita mbili kila mmoja, maji ya mkondo wa mikoko, hewa sawasawa. Mmoja nikautia chaza watatu. Baada ya alasiri moja niliweza kusoma gazeti lililo nyuma ya mtungi wa chaza, na ule mwingine bado ulikuwa kama chai ya maziwa.

Kombe nimeamua nimtengee awamu yake, maana maisha yake ni mengine. Yeye hana mirija, kwa hiyo hazami sana. Hukaa karibu na uso wa mchanga kwenye majani ya bahari, ukingo wa gamba ukichungulia. Na ukimpasua damu yake ni nyekundu, ina himoglobini kama yetu, ile inayobeba hewa mwilini, jambo ambalo chaza wengi hawana. Inamfaa kwenye tope ambako hewa ni haba.

Maji ya bamvu lijalo nawarudisha saba waliobaki pale nilipowatoa, na nitasimama nao mpaka wa mwisho azame. Kisha naomba kombe watatu kwa bibi. Kashaniambia nitawalipia kwa kubeba ndoo.