Sifuri ya Mama wa Mchele

Ilikuwa Julai 2011, Mwanjelwa, baridi ile ya Mbeya inayofanya bisibisi iteleze vidoleni. Mama anayeuza mchele wa Kyela mtaa wa nyuma aliweka kalkuleta yake mezani, kati ya redio mbili nilizokuwa nimezifumua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Hii sifuri imekufa. Nabonyeza mpaka kucha inauma."

"Sasa unauzaje?"

"Napiga bila sifuri, naziongeza kwa mdomo."

Kilo 20 za shilingi 1,500 alipiga 15 mara 2, akapata 30, akatamka elfu thelathini. Mzigo wa kilo 104 ndio ulimshinda. Sifuri ya katikati haiongezwi kwa mdomo.

Kalkuleta za sokoni karibu zote hufia hapo, maana bei zetu huishia na sifuri mbili au tatu. Batani ya 7 kwenye hiyohiyo ilikuwa bado na rangi yake.

Kabla ya kushika bisibisi nilizijaribu batani zote. Batani hupangwa kwenye bodi kwa safu na nguzo, kwa hiyo safu nzima ikizima, kosa liko kwenye njia iliyokatika au kwenye chipu, na kusugua raba iliyo chini ya batani hakusaidii. Hapa ilikufa 0 peke yake, na 5 ilitaka kukandamizwa. Hilo lilikuwa kosa la chini ya batani.

Niliilaza kifudifudi juu ya taulo, nikatoa betri, kisha skrubu sita za nyuma. Ukiifungua ikiwa imesimama, batani zote zinamwagika, na jioni yako imeishia kutafuta mahali pa alama ya asilimia. Bodi nayo ilishikwa na skrubu nane ndogo. Niliinyanyua taratibu upande mmoja tu, kwa sababu utepe unaokwenda kwenye kioo umegandishwa kwa joto, haukuchomelewa kwa risasi. Ukiuvuta, namba zinatoka na mistari pungufu, na kuurudisha ni kazi ngumu kuliko raba.

Chini kulikuwa na vumbi la mchele lililochanganyika na jasho, kama ugali uliokauka. Nililisafisha kwa spiriti na pamba ya masikio. Spiriti nyingine za duka la dawa zina mafuta ya nyonyo yanayoacha utando, kwa hiyo nilitumia ile kavu ya kusafishia vichwa vya redio kaseti. Petroli inavimbisha raba, na thina inayeyusha plastiki. Ule weusi ulio juu ya bodi ni kaboni iliyochapwa, si uchafu. Ukiukwangua kwa msasa, umeua bodi.

Nikarudisha betri, nikaunganisha kwa koleo ndogo ncha za batani ya 1, maana kioo kitupu tayari huonyesha 0, kisha ncha za 0. Ikatokea 10. Bodi ilikuwa nzima.

Nikageukia raba. Chini ya kila batani kuna kidonge cheusi cha kaboni, upana wake milimita 4 hivi, kinachounganisha njia za bodi ukibonyeza. Cha 9 kilisoma omu 300 kwenye mita (omu hupima ukinzani; zikiwa chache, umeme unapita vizuri). Cha 0 kilikuwa kinang'aa kama kiatu, na mita ikabaki na ile 1 ya pembeni, yaani imepita kipimo. Cha 5, baada ya kusafishwa, kilishuka chini ya omu 1,000, nikakiacha.

Mafundi wengi hupaka penseli ya 2B. Inafanya kazi, ila kwa batani inayopigwa siku nzima hupukutika upesi, na unga wake unaweza kuunganisha njia za jirani. Nilijaribu kubandika kwa supaglu ile karatasi ing'aayo ya ndani ya pakiti ya sigara, maana inapitisha umeme. Baada ya dakika kumi ilibanduka nzima, maana raba ile ni ya silikoni na supaglu haiishiki. Nilipaswa kulijua hilo tangu mwanzo.

Nikachinja rimoti mbovu ya televisheni. Kwa wembe mpya nilikata kidonge cha batani isiyotumika sana, unene wake nusu milimita hivi. Kisha nikakwangua kile cha zamani kiasi hichohicho. Usipokikwangua, batani inakuwa ndefu, inagusa bodi muda wote, kama vile umeibonyeza bila kuiachia. Gundi ni silikoni ya vioo, tone dogo kama kichwa cha pini, kwa sababu ikipanda juu ya kaboni umeweka kizuizi kipya.

Mfuko wa silikoni ulisema saa 24. Silikoni hii hukazwa na unyevu wa hewa, na joto huiharakisha, ila Julai yetu haina hata kimoja. Niliiacha raba siku mbili, nje ya kalkuleta, mpaka harufu ya siki ilipoisha. Mvuke huo hula shaba.

Wakati wa kufunga, kila skrubu niliizungusha kinyume kwanza mpaka isikike *tik*, iingie kwenye njia yake ya zamani ya plastiki.

Mama alilipa 2,000. Akajaribu palepale: 15 mara 2. Akacheka, akafuta, akapiga 1,500 mara 20, sifuri zote.

"Ndaga, baba," akasema, yaani asante kwa Kinyakyusa, akaifunga kwenye kitenge.