Nilivyojifunza Kumhudumia Msomaji Kulingana na Haja Yake

Nilipoanza kazi ya ukutubi katika maktaba ya chuo cha afya, nilitambua mapema kwamba swali analolitaja msomaji kaunta mara nyingi silo lililomleta. Amekwisha kulipunguza njiani kwa kukisia kile ambacho maktaba inaweza kuwa nacho.

Muuguzi mmoja aliomba vitabu vya kisukari. Vilikuwapo vingi, na ningeweza kumwelekeza kwenye rafu bila hata kuinuka kitini, lakini nilimuuliza kwanza alikuwa na kazi gani mkononi, ndipo akaeleza kwamba anaandaa somo la utunzaji wa miguu kwa wagonjwa, baadhi yao wasiojua kusoma. Hakuhitaji kitabu hata kimoja. Alihitaji mabango na vipeperushi vya picha, ambavyo tulikuwa navyo katika kabati ambalo halikuwahi kuingizwa kwenye katalogi (kasoro ambayo, kwa maoni yangu, maktaba nyingi huivumilia mno). Nikaufanya kuwa utaratibu wangu kumuuliza kila msomaji atazitumia taarifa hizo kwa kazi gani na anazihitaji lini, kwa sababu anayetaka jibu kabla ya zamu ya jioni hanufaiki na makala ya kuagizwa kutoka maktaba nyingine.

Kwa watafiti nilifuata wazo alilolieleza Hans Peter Luhn wa kampuni ya IBM mwaka 1958, la kutunza wasifu wa mahitaji ya kila mtumiaji na kumpelekea machapisho mapya yanayolingana nao. Wasifu huo niliuandika pamoja na mhusika: mada, lugha anazosoma na, muhimu kuliko yote, mambo asiyoyataka. Mtafiti wa usugu wa bakteria dhidi ya dawa alikuwa akiletewa pia makala yanayohusu usugu wa mbu, yaani mbu wasiokufa kwa viuatilifu. Tulipoongeza majina ya bakteria na kuyaondoa ya wadudu, orodha ilifupika, naye akaanza kuisoma. Kila baada ya muda nilimwomba aweke alama kwenye makala yasiyomfaa, nami nikaurekebisha wasifu kwa kuzifuata alama hizo.

Takwimu za uazimaji nilizitumia kwa tahadhari, kwani huonyesha kilichochukuliwa, wala hazimtaji aliyeondoka mikono mitupu. Kwa ajili yake niliweka kaunta daftari la maombi tuliyoshindwa kuyatimiza, na orodha ya ununuzi iliyofuata tuliianzia humo.