Kisanduku cha loji kisifichwe Menengai

Tangu nianze kuwashawishi ndugu zangu wa loji ya Frimasoni tuweke hapa Nakuru visanduku vya jiokeshingi, mchezo wa kusaka kwa GPS vitu vilivyofichwa, swali la kwanza huwa lile lile: tufiche wapi? Karibu kila mtu hutaja kreta ya Menengai. Nimekataa, na sitabadili msimamo.

Menengai ni pazuri, hilo halina ubishi. Lakini tangu zamani watu wamepahusisha na mapepo, na sisi Frimasoni tuna uvumi wetu wa kutosha. Mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada ya shetani, na mpaka leo kuna jirani yangu asiyekubali chai nyumbani kwangu kwa sababu ya nembo yetu ya skwea na bikari iliyoko ukutani. Sasa mtoto wake aokote ukingoni mwa kreta kisanduku chenye nembo hiyo! Tutamweleza nini mama yule?

Mchezo wenyewe hauna giza lolote. Sisi wapima ardhi tunakumbuka enzi ambapo Marekani iliharibu mawimbi ya GPS makusudi, kifaa cha mkononi kikakosea hata mita 100. Mwanzoni mwa Mei 2000 waliacha, na tarehe 3 Dave Ulmer akaficha ndoo porini Oregon, akatangaza kwenye intaneti majira yake, yaani namba za GPS za mahali ilipo. Anayeipata huandika jina daftarini. Akichukua kitu huacha kingine cha thamani ile ile au zaidi, kisha anarudisha kila kitu kilipokuwa. Mimi niliyetumia ujana wangu kutafuta bikoni, yaani alama za mipaka ya ardhi, zilizomezwa na nyasi, nauelewa utamu huo.

Kinachonivutia zaidi ni kanuni moja: kisanduku hakiruhusiwi kupigia debe dini, siasa wala chama. Ndugu mmoja akaniuliza, basi loji itapata faida gani? Nikamwambia faida ni hiyo hiyo. Kwa desturi yetu hatumwandami mtu ajiunge. Mwenye haja ndiye huuliza. Tunachotaka ni jirani atuone tukifanya jambo mchana, pamoja na watoto wake.

Ndiyo maana napendekeza Hyrax Hill. Mwanaakiolojia Mary Leakey alichimba pale 1937, na kwenye mwamba kuna mashimo ya bao yaliyochongwa na watu wa kale. Hatutaficha kitu humo, ni eneo la makumbusho. Msakaji atahesabu mashimo, ile hesabu imkamilishie majira ya GPS, kisha aende kwenye kisanduku chenyewe, katika uwanja ambao mwenyewe ameturuhusu kwa maandishi.

Usalama nao si jambo dogo. Tangu shambulio la kigaidi la Westgate, 2013, mfuko usio na mwenyewe unamtia mtu hofu, na ana haki. Kwa hiyo tutumie mkebe wa plastiki unaoonyesha ndani, maelezo ya Kiswahili juu yake, namba ya simu, na chifu na polisi wa karibu wajue mapema.

Bado hatujaafikiana kuhusu nembo. Wengine wanaitaka kwenye kifuniko. Mimi nasema kifuniko kibaki kitupu, lakini ukurasa wa kwanza wa daftari uwe na jina kamili la loji na la anayekitunza, kwa herufi kubwa. Nimejitolea kukitunza mimi, hata msimu wa mvua.