Baraza ya Mama

Jumapili jioni, Entebbe

Nilipomwambia Mama kwenye simu kwamba nataka kujenga deki nyuma ya nyumba, alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwani huyo msichana wa kazi hapigi deki tena?" Ikabidi nimweleze habari ya sakafu ya mbao, nje, juu ya nguzo, pale bustani inapoanza kuteremka kuelekea ziwani. "Aa, baraza," akasema. Tangu siku hiyo ikawa baraza, ingawa fundi seremala aliendelea kuandika "deki" kwenye kila hesabu aliyoniletea.

Mbao sikununua. Marehemu Baba aliacha bandani mbao za mvule, na kwa bei ya mvule siku hizi hiyo ni mirathi kamili. Lakini mvule ni mtihani. Ndani yake huwa na mawe, mawe kweli, chokaa iliyoganda mti ungali hai, na msumeno wa fundi ulilikuta moja siku ya pili. Cheche, kelele, meno ya msumeno yakaenda. Fundi akaliokota jiwe, akalitia mfukoni. Alisema anakwenda kumwonyesha mkewe, maana bila ushahidi ataambiwa amelewa.

Nguzo hatukuzifukia. Tulimwaga zege, tukasimamisha vikalio vya chuma, nguzo zikakaa juu yake, ili mchwa akitaka kupanda ajenge njia yake mahali tunapomwona. Kati ya ubao na ubao kipimo kilikuwa msumari wa inchi nne: unauweka, unasukuma ubao, unakaza skrubu, unauchomoa. Mvua ya hapa hainyeshi, inamwagwa, na maji yakikosa pa kupita yanaozesha. Mpaka hapo nilijiona fundi.

Vioo ndivyo vilivyonitia adabu. Nilitaka ukingo wa vioo kwa sababu moja tu, Mama akikaa asizuiwe na kitu kuona ziwa. Nikaagiza vya milimita 12, vile vilivyopikwa. Kioo cha namna hiyo hupashwa moto kupita nyuzi 600, kisha hupulizwa upepo kipoe ghafla. Ngozi yake inajibana huku ndani kunavutana, na hapo ndipo nguvu yake ilipo. Ndiyo maana hakikatwi wala hakitobolewi tena. Matundu yote ni kabla ya moto. Mimi nilitoa vipimo kabla nguzo za chuma za kushikia vioo hazijasimama, halafu fundi akakwepa mzizi wa mwembe, nguzo mbili zikahama sentimita 2. Vioo vikaja. Viwili matundu yake hayakutani na vishikizo. Nikashika keekee. Fundi akaniangalia tu. "Ssebo, ukikigusa na hiyo, utaokota punje." Kila kioo kilikuwa na uzito wa kilo 36 hivi, vijana waliovishusha wakaviegemeza ukutani, na hadi leo vipo nyuma ya tangi la maji. Nikaagiza vingine. Bei sitaiandika hapa, mke wangu husoma.

Kisha nguzo zenyewe, za stenlesi, zikatoa madoa mekundu wiki ya tatu. Karakana iliyozikata ikasingizia hewa ya ziwa. Ziwa lisilo na chumvi! Kumbe walizisaga kwa jiwe lile lile wanalosagia chuma cha kawaida, vumbi lake likang'ang'ania na kushika kutu. Nilisugua Jumamosi nzima.

Mama akaja kutoka Bombo, amevaa kanga mpya kwa heshima ya baraza. Akapiga hatua mbili juu ya mbao, akasimama.

"Nishike nini?"

"Ukingo ule pale, Mama. Unafika kifuani."

"Uko wapi? Pale hakuna kitu, mwanangu. Pale kuna ziwa."

Miezi minne nilifikiria macho yake. Mikono yake sikuifikiria hata siku moja. Hakusogea tena, tukanywa chai sebuleni.

Fundi wa kuchomelea alirudi Jumanne, akapitisha bomba la duara juu ya vioo, kutoka nguzo ya kwanza hadi ya mwisho. Zuri, limesuguliwa vizuri. Ila ukikaa kitini, linapita sawasawa na pale ziwa linapokutana na mbingu. Usiku wadudu wa ziwani, sami, hufuata taa na kuganda kwenye vioo kama ukungu, na asubuhi inakuwa kazi ya tambara na ndoo. Kwa hiyo Mama hakukosea sana kuhusu deki.

Jina la mji huu limetokana na neno la Kiganda la kiti, na mama yangu naye amechagua chake, kile cha plastiki cha jikoni. Leo alifika nacho, mkono mmoja kwenye bomba, hatua kwa hatua hadi kona ya mwisho, akakigeuza, akakaa. Mgongo ameupa ziwa. Anatazama mlango wa jikoni.

"Mama, ziwa liko huku."

"Nalisikia," akasema. "Huku naona nani anakuja."

Nimekwenda kumletea chai.